Mati, Silki au Glosi: Tathmini ya Mng'ao wa Rangi kwa Kila Sehemu ya Nyumba

Makopo mawili ya rangi ya kiwanda kimoja, yenye namba moja ya rangi, yakipakwa ubavu kwa ubavu kwenye ukuta mmoja, moja la mati (isiyong'aa) na jingine la silki (yenye mng'ao wa kati), hayatatoa ukuta wa rangi moja. Upande wa silki utaonekana umekolea, na upande wa mati utaonekana umepauka kidogo, ingawa mchanganyiko wa rangi ni uleule. Uso wa mati huutawanya mwanga kila upande, na sehemu ya mwanga huo mweupe hufika machoni ikiwa imechanganyika na rangi yenyewe, ilhali uso unaong'aa huurudisha mwanga kwa pembe moja tu, na mtu aliyesimama nje ya pembe hiyo huiona rangi peke yake. Tathmini hii inahusu tofauti hiyo ya mng'ao, kuanzia mati hadi glosi inayong'aa kabisa, na mahali ambapo kila aina inafaa ndani na nje ya nyumba. Msimamo wangu nautangaza mapema: kupaka silki kwenye kuta zote za nyumba, kama inavyofanywa mara nyingi mno, ni chaguo baya, na mati ya kuosheka inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa.

Mng'ao hautokani na kitu kinachomiminwa juu ya rangi. Unatokana na uwiano wa vitu viwili vilivyomo kwenye kopo: gundi inayoishikilia rangi ukutani, ambayo kwa rangi za maji huwa ni akriliki au vinili, na unga unaoipa rangi uwezo wa kufunika, ambao sehemu yake muhimu ni unga mweupe wa titani dioksaidi, pamoja na unga wa kujaza kama vile chokaa, talki na silika. Gundi ikiwa nyingi, huzifunika chembe zote za unga na kukauka kama utando laini unaong'aa. Unga ukizidi, chembe huchomoza juu ya utando, uso unakuwa na mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, na mng'ao hupotea. Hapo ndipo ilipo siri ya sifa mbaya ya mati. Mati ya bei ya chini hujazwa chokaa nyingi na gundi kidogo, kwa hiyo mtu akipitisha kitambaa chenye maji, rangi huondoka nacho. Mati nzuri hupunguziwa mng'ao kwa chembe maalumu za silika huku gundi yake ikiachwa ya kutosha, na hiyo huosheka vizuri. Wanaosema kwamba mati haioshwi wameitumia ile ya kwanza, na hukumu yao ni ya kweli kwa kopo lile, lakini si ya kweli kwa mati kwa jumla.

Kwa kuwa majina ya mng'ao hutofautiana kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, mnunuzi makini hana budi kuuliza namba. Mng'ao hupimwa kwa kifaa kinachotupa mwanga ukutani kwa pembe ya digrii 60 na kuhesabu kiasi kinachorudi, kikilinganishwa na kioo cheusi kilichosuguliwa ambacho huhesabiwa kuwa 100. Kwa viwango vya Master Painters Institute, taasisi ya Amerika Kaskazini inayoweka viwango vya rangi, mati haizidi 5 kwenye kipimo hicho, eggsheli iko kati ya 10 na 25, satini kati ya 20 na 35, nusu glosi kati ya 35 na 70, na glosi huanzia 70. Mwingiliano wa eggsheli na satini unaonekana wazi hapo, na ndiyo maana kopo lililoandikwa satini na kiwanda kimoja linaweza kung'aa sawa na eggsheli ya kiwanda kingine. Jina la silki, ambalo wauzaji wengi hulitumia kwa rangi ya maji yenye mng'ao wa kati, halisemi hata kidogo ni wapi hasa rangi hiyo inaangukia.

Namba ya pili, ambayo kwa maoni yangu ina uzito kuliko ya kwanza, ni ya uwezo wa kusuguliwa ikiwa na maji. Katika kiwango cha Ulaya cha EN 13300, rangi husuguliwa mara 200 kwa mashine, kisha hupimwa ni unene gani umepotea: daraja la 1 hupoteza chini ya mikroni 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), daraja la 2 kati ya 5 na 20, na daraja la 3 kati ya 20 na 70. Madaraja ya 4 na 5 hupimwa kwa misuguo 40 tu, na hayafai ukuta wowote unaoguswa na watu. Mati ya daraja la 1 ipo madukani, na itaushinda usuguaji ambao silki dhaifu ya daraja la 3 haitauweza. Kwa hiyo kanuni inayorudiwa na kila muuzaji, kwamba rangi ikizidi kung'aa ndivyo inavyozidi kuosheka, ni ya kweli ndani ya bidhaa za ubora mmoja tu. Ukilinganisha bidhaa za ubora tofauti, kanuni hiyo huvunjika.

Kabla ya kufikiria chumba chochote, ukuta wenyewe upimwe. Usiku, taa zote zikiwa zimezimwa, tochi ishikwe karibu kabisa na ukuta na mwanga wake uelekezwe sambamba nao. Kila wimbi la plasta, kila alama ya mwiko, kila kiraka cha puti ambacho hakikupigwa msasa vizuri kitatoa kivuli chake. Hivyo ndivyo ukuta huo utakavyoonekana mchana iwapo una dirisha kubwa pembeni yake na umepakwa rangi inayong'aa. Mwanga wa ubavuni ni adui mkubwa wa silki, nusu glosi na glosi, na hakuna idadi ya mikono ya rangi inayoweza kuuficha mwinuko ambao mwanga umeshaukamata. Ukuta ukionekana mbaya kwa tochi, njia zilizopo ni mbili tu: kuupiga skimu (tabaka jembamba la kulainisha) upya mpaka unyooke, au kuupaka mati. Mtu anayenunua silki kwa matumaini kwamba mng'ao utaupamba ukuta wenye mawimbi anayaangazia mawimbi hayo kwa gharama yake mwenyewe.

Dari halihitaji mjadala mrefu. Haliguswi, halisuguliwi, na mara nyingi mwanga wa dirisha hulipiga kwa ubavu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kwa hiyo mati iliyokufa kabisa, hata ya daraja la chini, hulifaa kuliko kitu kingine chochote. Dari la jasi lenye maungio ya bodi zake huonyesha kila ungio likipakwa rangi yenye mng'ao hata kidogo. Dari la bafu pekee ndilo ninalolitenga, na nitalifikia.

Sebuleni na vyumbani mwa kulala ndipo ninapotofautiana zaidi na mazoea. Kuta za vyumba hivi huguswa mahali pachache: karibu na swichi, nyuma ya kochi, kando ya kitanda. Sehemu iliyobaki ya ukuta huangaliwa tu, na kwa kazi ya kuangaliwa mati haina mpinzani, kwa sababu humpa mtazamaji rangi iliyotulia bila mng'aro wa taa unaotembea naye anapopita. Mati ya kuosheka ya daraja la 1 au la 2 hutosha kabisa hapo. Ina kasoro moja ya kweli, na haifai kufichwa: ikisuguliwa kwa nguvu mahali pamoja, chembe zilizochomoza hulainika, na doa linalong'aa hubaki hata kama uchafu wenyewe umeondoka. Kasoro hii huonekana zaidi kwenye rangi nzito kama bluu ya usiku, kijani kibichi kilichokolea au kijivu cha makaa, na karibu haionekani kwenye rangi nyepesi. Anayetaka ukuta wa rangi nzito nyuma ya kochi atafanya vyema kupanda hadi eggsheli, au kutafuta mati ambayo kiwanda chake kimeandika wazi kwamba inastahimili kusuguliwa bila kung'aa. Kwa upande mwingine, mati ina fadhila ambayo silki haina: huweza kurekebishwa. Tundu la msumari likizibwa na kupakwa kwa brashi ndogo na rangi ileile, kiraka humezwa na ukuta. Silki iliyorekebishwa hivyo huacha duara linalong'aa tofauti, na fundi mwaminifu atakuambia kwamba ukuta mzima upakwe upya kutoka kona hadi kona.

Korido, ngazi na vyumba vya watoto ni habari nyingine. Huko kuta huguswa kwa mikono, mabega, mabegi na magurudumu ya vitu vya kuchezea, na usafi wake ni wa kila wiki. Eggsheli ya juu au satini ya chini, yaani karibu 20 hadi 25 kwenye kipimo, ndiyo ninayoipendekeza, mradi plasta imenyooka. Kama plasta haijanyooka na korido ina dirisha mwishoni, ambayo ndiyo hali ya korido nyingi, ukuta unaweza kugawanywa: satini kwa kimo cha kiuno kwenda chini, na mati juu yake, zikitenganishwa na mstari wa rangi au ubao mwembamba. Mpangilio huo huiweka rangi ya kuosheka pale panapochafuka, na mapambo yake yana maana kwa sababu yana kazi.

Jikoni, mafuta ndiyo tatizo kuliko maji. Mvuke wa mapishi hubeba matone madogo ya mafuta, ambayo hutua ukutani na kushika vumbi, na uchafu huo hautoki kwa maji matupu. Uso wenye vinyweleo huyanywa mafuta hayo, ilhali uso uliofungwa na gundi nyingi huyaacha juu, ambako sabuni huyafikia. Hapa satini au nusu glosi ni chaguo sahihi, nami sioni haja ya kubishana. Nyuma ya jiko lenyewe, hata hivyo, rangi yoyote ni suluhisho la muda, na vigae vitafanya kazi bora zaidi. Ukuta wa jikoni unaopakwa upya lazima uoshwe mafuta kwanza, usuuzwe, ukauke, kisha upigwe msasa mwembamba, la sivyo rangi mpya itabanduka kama ngozi hata ikiwa ya bei ya juu kabisa.

Bafuni kuna imani iliyoenea kwamba glosi huzuia ukungu. Haizuii. Ukungu huota palipo na unyevu unaokaa na chakula chake, na chakula hicho huweza kuwa ni mabaki ya sabuni na vumbi yaliyotua juu ya rangi, haidhuru inang'aa kiasi gani. Kinachouzuia ni hewa inayopita, yaani dirisha linalofunguliwa au feni ya kutoa mvuke, pamoja na dawa ya kuzuia ukungu iliyochanganywa kwenye rangi kiwandani. Mng'ao hurahisisha kuufuta ukungu uliokwisha kuota, na hiyo ni faida, lakini ni faida ya pili. Ndiyo maana rangi zinazouzwa mahususi kwa bafu, nyingine zikiwa na mng'ao mdogo tu, ninazipa alama za juu kuliko glosi ya kawaida. Dari la bafu nalo lipakwe rangi hiyohiyo ya bafu badala ya mati ya dari, kwa sababu mvuke hupanda na kutua hapo kwanza.

Kuna jambo moja la bafuni linalowatia watu hofu bila sababu. Siku chache baada ya kupaka rangi ya maji, michirizi ya rangi ya asali, inayonata kidogo, huweza kushuka ukutani. Si kutu wala uchafu wa plasta. Ni visaidizi vya kuchanganya maji na gundi, ambavyo vimevutwa juu na mvuke kabla rangi haijakomaa. Huoshwa kwa maji, na huweza kurudi mara mbili tatu kabla ya kwisha. Njia ya kuepuka ni kuliacha bafu bila kuogea kwa maji moto kwa siku kadhaa, kwani rangi ya maji iliyokauka kwa kuguswa baada ya saa moja au mbili bado huhitaji wiki kadhaa, mara nyingi karibu siku 30, kufikia ugumu wake kamili. Hilo linahusu nyumba nzima: ukuta mpya usioshwe wala kusuguliwa kabla ya muda huo.

Milango, fremu, madirisha na mbao za chini ya ukuta hupigwa mateke, hushikwa na hufutwa kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Nusu glosi ndiyo inayofaa, na swali gumu ni la gundi badala ya mng'ao. Rangi ya mafuta ya alkidi (gundi yenye asili ya mafuta) hutandazika vizuri, alama za brashi hujifuta zenyewe, na hukauka ngumu. Hata hivyo hunuka siku kadhaa, brashi zake husafishwa kwa tapentaini au thina, na nyeupe yake hugeuka njano, hasa nyuma ya kabati na vyumba visivyopata mwanga. Akriliki haigeuki njano na hukauka upesi, ila zile dhaifu hubaki na unato, hata mlango uliofungwa kabla ya wakati hushikamana na fremu na kuibandua rangi unapofunguliwa. Rangi za maji zenye alkidi ndani yake zimeupunguza sana ugumu huu wa kuchagua, na kwa milango ya ndani ndizo ninazozipa nafasi ya kwanza. Chochote kitakachochaguliwa, glosi ya zamani lazima iparuzwe kwa msasa, kwa kuwa rangi mpya haishiki juu ya uso wenye utelezi. Kwenye nyumba ya zamani tahadhari iongezwe: rangi za mafuta za miongo iliyopita mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo Marekani iliyapiga marufuku kwenye rangi za nyumba mwaka 1978, na vumbi lake lina sumu, hasa kwa watoto. Rangi ya namna hiyo ipimwe kwanza, na isipigwe msasa mkavu kamwe.

Glosi kamili, ile ya 70 na zaidi, inapendeza mno ikipakwa mlango mmoja wa mbele uliotayarishwa kwa subira, au reli za chuma za ngazi. Kwenye ukuta wa chumba inahitaji plasta iliyonyooka karibu kama kioo, na gharama ya kuifikisha hapo huipita mbali gharama ya rangi yenyewe. Siipendekezi kwa kuta.

Nje, mambo hubadilika kwa sababu jua na mvua huingia kwenye hesabu. Plasta mpya ya saruji ina ukali wa magadi (alkali), pH yake ikifika 12 hadi 13, na rangi ya mafuta ikipakwa juu yake hugeuzwa kuwa sabuni na kubanduka. Isubiriwe wiki nne angalau, ipakwe praima, yaani rangi ya msingi, inayohimili hali hiyo, kisha ifuatwe na akriliki ya nje. Kuhusu mng'ao, mati ya nje huficha makosa ya ukuta mkubwa, lakini vumbi hukaa kwenye vinyweleo vyake. Satini huoshwa na mvua vizuri zaidi, na huonyesha kila kiraka. Kwa ukuta mrefu unaopigwa na jua la ubavuni asubuhi au jioni ningechagua mati bora, na kwa sehemu ya chini inayorushiwa matope, satini.

Sakafu isipakwe glosi ya mlango. Huteleza ikilowa, na haikutengenezwa kwa uzito wa nyayo. Rangi za sakafu zipo, na nyingine huchanganywa na chembe za kuzuia utelezi.

Kasoro nyingi zinazolaumiwa kwenye rangi ya kumalizia huanzia chini yake. Plasta iliyozibwa viraka hunywa gundi kwa viwango tofauti, na matokeo yake ni ukuta wa silki wenye madoa yasiyong'aa pale puti ilipopita. Mkono mmoja wa praima juu ya ukuta wote, si juu ya viraka pekee, huondoa tatizo hilo. Praima isirukwe kwa ajili ya kuokoa pesa.

Sampuli nayo isipakwe ukutani moja kwa moja. Ipakwe mikono miwili kwenye ubao mweupe wenye upana wa nusu mita hivi, katika mng'ao uleule utakaonunuliwa, kisha ubao uhamishwe kutoka ukuta wa dirishani hadi ukuta ulio mbali na dirisha, mchana na usiku. Rangi itakayobaki baada ya kazi ihifadhiwe kwenye kopo lililofungwa vizuri, likiandikwa chumba, namba ya rangi na aina ya mng'ao. Na siku ya kurekebisha, ikorogwe kwa muda mrefu mpaka chini kabisa ya kopo, kwa kuwa chembe zinazoondoa mng'ao ni nzito na hutuama, na mati iliyochotwa juu bila kukorogwa hukauka iking'aa.